Isale kwa Mwenye Gari

Shida zangu zilianza mwaka 1985, nikiwa na miaka ishirini na mbili. Baba alifariki, mimi ndiye mkubwa, na shule nilikuwa nimeishia darasa la nne. Sikwenda kulia mlangoni kwa mtu. Niliuza mbuzi, nikanunua baiskeli nyeusi ya Kichina, nikaanza kushusha ndizi kutoka Kibosho kwenda soko la Moshi.

Tulishuka wawili, mimi na mdogo wangu, mtoto wa baba mdogo. Yeye alibeba maziwa. Miaka ile mjini kila mtu alipanda baiskeli, fundi, karani, mwalimu, hata katekista. Huku kwetu mlimani unateremka umepanda, unarudi unasukuma. Breki hazikuweza ule mzigo, kwa hiyo tulivaa katambuga, viatu vya mpira wa gari, na kukanyaga tairi kwa mguu. Ukisikia harufu ya mpira unaungua, ujue mwenzako anatafuta kuishi. Na sheria ilikuwa moja: anayeteremka na mzigo hapishi mtu, maana hawezi. Wewe ndiye unamsubiri.

Serikali ilipofungulia biashara huria, wengine walilalamika, mimi nilinunua pikapu ya mtumba. Nasema bila aibu, ilikuwa ya kwanza kitongojini kwetu. Lakini ukikaa juu ya kiti cha gari, baiskeli unaiona kama kuku barabarani. Nilipiga honi, wakatawanyika, nikapita. Nilizoea.

Asubuhi moja ya masika nilimkuta mdogo wangu mbele yangu kwenye mteremko, madumu ya maziwa huku na huku. Nilikuwa nimechelewa sokoni. Nikapiga honi. Hakutoka. Nikaishikilia honi, nikamsogelea mgongoni. Dereva mwingine angesema hakujua kwamba pembeni pale kuna utelezi na kwamba baiskeli ile haisimami. Mimi nilijua. Akajitupa pembeni, gurudumu likaingia mferejini, akaenda chini pamoja na maziwa.

Nikasimama mbele kidogo, nikatoa kichwa dirishani. Watu walikuwa wanatoka misa ya asubuhi. Yeye akapiga kelele kutoka kwenye tope:

"Mangi, barabara umeinunua pamoja na gari? Mbwa wewe, jana tu ulikuwa unafunga breki kwa kiatu."

Watu wakacheka kusikia naitwa mangi, chifu. Nikamjibu, "Baiskeli ni ya pembeni," nikaondoa gari. Nilidhani amechubuka tu. Goti lilikuwa limevunjika, na hospitali alipelekwa kwa machela ya miti, wakati mimi mwenye gari nauza ndizi.

Nilikusudia kwenda kumwomba radhi. Nikasema kesho, nikasema Jumapili. Wazee wa ukoo wakanitangulia. Walikaa, wakaona kwamba mdogo amemtukana kaka yake hadharani. Wakaja uani kwangu na mbege, pombe yetu ya ndizi, na yeye anachechemea kwa fimbo, ameshika isale, lile jani tunalolipanda kwenye mipaka ya vihamba, mashamba yetu ya migomba. Kwetu mtu akikuletea isale kuomba msamaha, huikatai. Na ukishaipokea, neno limekufa. Anayelifufua ndiye mkosaji.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba."

"Hasira zilinizidi. Nisamehe."

Niliiangalia ile isale. Neno lilikuwa mdomoni: weka chini, mkosaji ni mimi. Lakini wazee walikuwa wamekaa, ua ni wangu, gari limeegeshwa pale wanaliona.

"Mbona unaitazama kama nyoka?" baba mkubwa akanitania. "Pokea, mbege inachacha."

Nikapokea. Wakanywa, wakanisifu kwamba nina moyo.

Baadaye nilinunua baiskeli mpya, nikampelekea kwake. Aliizunguka, akaigonga kengele kwa kidole.

"Ya nini hii, kaka?"

"Ya maziwa."

"Maziwa anashusha mke wangu, kichwani. Goti halikunjiki."

"Basi iuze."

"Nikiuza watasema unanilipa. Unanilipa nini, na aliyekosa ni mimi?" Hakuwa anacheka. "Tulishamaliza. Rudi nayo."

Nilirudi nayo. Siku hizi kwenye mikutano ya kijiji vijana wanauliza kwa nini waendesha baiskeli wanagongwa, wanataka wawekewe njia yao. Wananiita nizungumze kwa sababu ni mtu mzima na nilianza na baiskeli. Nawaambia wavae kofia ngumu, wafunge taa. Kuhusu wenye magari sisemi kitu, maana mdogo wangu hukaa safu ya nyuma, mguu ameunyoosha, ananisikiliza.

Leo nina nyumba ya matofali, maji yanatoka ndani. Nina vihamba viwili, pikapu mbili, duka la pembejeo kwenye soko la Kwa Sadala. Nina baiskeli moja stoo, ile niliyorudi nayo, haijapandwa na mtu. Nina ng'ombe watatu wa maziwa.