Pepo wa Kifini Kwenye Hina ya Shamsa

Enzi zetu, arusi isiyosikika mtaa wa tatu haikuwa arusi, ilikuwa hitima. Nyinyi wa rika langu mliokulia Ng'ambo, Unguja, mnanielewa. Beni likipita na matarumbeta yake, hapana mtoto anayebaki ndani. Utaacha chungu kinaungua, utaacha juzuu chuoni, utamwacha hata mdogo wako kakaa juu ya po anajisaidia. Matarumbeta yenyewe yamebonyea, kila moja linalia la kwake, mpigaji mashavu yamemvimba kama vitumbua, na ngoma kubwa inakupiga kifuani kabla hujaisikia masikioni. Tulikimbia nyuma yake pekupeku, vumbi mpaka kwenye kope. Mama anatoa kichwa dirishani: "Thureya! Magharibi ikikukuta nje, arusi ya kesho utaiendea kwa magoti!" Magharibi ilinikuta nje kila mara. Nilipigwa, nikalia, nikapewa mkate wa ufuta wa moto na samli, nikalala nacheka.

Ndani nako ammi yangu alikuwa na santuri. Zile sahani zake nyeusi alizifuta kwa kitambaa laini kama anamfuta mtoto mchanga, na ole wako uiguse. Sisi tulikaa kizingitini tunamumunya ubuyu mpaka ndimi nyekundu, tunasikiliza akodioni inavyolalamika. Skuli mimi niliishia darasa la tatu, kusoma kwangu mpaka leo ni kwa kuchechemea. Lakini masikio yangu yalisoma mpaka mwisho.

Na tulikuwa na mapepo, msinifiche. Mwanamke wa jirani kapandwa, mtu mdogo mwembamba, anatoa sauti nzito kama ng'ombe dume. Bibi yangu hakuwa na papara. Anawasha chetezo, anatia ubani, anamwamkia mgeni kwa adabu: nani jina lako, umetoka wapi, unataka nini? Maana pepo naye ni mgeni, na mgeni haulizwi kwa ukali. Sisi watoto tunachungulia kwenye ufa wa mlango, mikojo inatutoka kwa woga, na kuondoka hatuondoki.

Sasa nipo Muscat, mtaa wa Mawaleh, bibi mzima mwenye wajukuu mpaka nachanganya majina. Watoto wa siku hizi wazuri, wasafi, wanajua kila kitu. Lakini muziki wao wameutia masikioni kama vizibo vya chupa. Unawakuta sebuleni wamejaa, kila mmoja anatikisa kichwa na wimbo wake, na nyumba kimya kama imefiwa. Unamwita mtu mara tatu, anakutizama kama wewe ndiye umechanganyikiwa.

Basi Ijumaa moja asubuhi, nnakunywa kahawa, nikasikia mngurumo chumbani kwa Shamsa. Shamsa ni mjukuu wangu, binti wa binti yangu Zuwena, nimemlea kwa mikono hii. Alikuwa keshaposwa, arusi imekaribia. Sauti ile, wallahi, ilitoka tumboni mwa ardhi. Nikajisemea: khalas, kapandwa! Mwari wa kuolewa ndiye wanayemtaka hao. Nikawasha chetezo, nikatia ubani wa kutosha, nikasimama mlangoni nikasema kama alivyosema bibi yangu:

"Assalamu alaykum, mgeni. Karibu kwetu. Nani jina lako, umetoka wapi, na unataka nini kwa mtoto wetu?"

Mlango ukafunguliwa. Shamsa, nywele timutimu, macho yamemtoka. "Bibi, unasema na nani?"

"Wewe nyamaza. Nnasema na aliye ndani yako."

Akacheka mpaka akakaa sakafuni. "Huyo katoka Ufini, Bibi! Hataki kitu, anaimba tu!"

Akanivuta ndani. Kumbe kanunua santuri! Ndiyo, santuri ile ile niliyokatazwa kuigusa, siku hizi imerudi, vijana wanaona wameivumbua wao. Kwenye jalada la sahani wamesimama wanaume wa theluji, ndevu mpaka kifuani, nywele ndefu kuliko zangu za ujanani, mmoja kapakata akodioni na mwengine ana fidla. Shamsa akanieleza kwamba hizo ni nyimbo za kale za bibi zao wa Kifini, vijana wao wamezichukua wakazitilia magitaa ya umeme na ngoma nzito, muziki wanaouita metali.

"Yaani wamechukua taarabu ya bibi zao wakaitia pilipili," nikamwambia.

"Ndiyo hivyo hivyo, Bibi!"

Akaianza upya. Ikaingia akodioni peke yake, inalalamika. Nikakaa kitako, chetezo mkononi. Halafu magitaa yakashuka, kuta zikatikisika, ngoma ikanipiga hapa, kifuani, pale pale. Beni! Beni limefufuka, limevaa ngozi nyeusi. Nilicheka mpaka machozi, na Shamsa akanishika mkono. Tangu lini mtoto yule hajanishika mkono?

Akaniambia kwa sauti ndogo: "Bibi, nataka kuingia na wimbo huu siku ya hina."

Mama yake aliposikia, moto. "Wakwe wanatoka Qurayyat, watu wazito, waje wasikie mashetani yananguruma? Watasema tumewapa mwehu! Ukipigwa huo, mimi natoka nje." Shamsa hakubishana. Alirudisha vizibo masikioni, na mimi nikaona mlango ule uliofunguka Ijumaa unafungwa tena, na safari hii mtoto anaondoka kabisa kwenda kwa watu.

Nikasema: "Mkubwa wa nyumba hii nani? Wimbo utapigwa. Lawama zote nileteeni mimi."

"Na mambo yakiharibika, Mama?"

"Yakiharibika mtasema bibi kazeeka, hana akili. Uzee una faida gani nyengine?"

Maspika tukakodi kule Hamriya, makubwa kama makabati. Siku ya hina, alasiri, wanawake wa Qurayyat wakaja wamejipanga safu, dhahabu na heshima. Katikati kakaa Bi Rayya, bibi yake bwana arusi, fimbo mkononi, Kiswahili hajui neno. Kahawa ikapita, halua ikapita. Shamsa akasimama mlangoni kavaa kijani, hina mpaka viwikoni, kama tausi. Akodioni ikaanza, watu wakatabasamu. Fidla ikafuata, wakatikisa vichwa. Halafu yule mzee wa theluji akanguruma.

Vijikombe vikasimama hewani. Mtoto mmoja akaangua kilio. Zuwena kanitizama jicho la kuniua. Na Shamsa kasimama pale, mguu mmoja ndani, mmoja nje. Nikaona anarudi nyuma.

Nikanyanyuka. Magoti yalinuna, sikuyauliza. Nikajifunga kanga kiunoni, nikatoa sahani za halua kwenye sinia, nikashika sinia lenyewe na kijiko nikaanza: mdundo wa beni, ule ule wa Ng'ambo. Mikono haikusahau. Ukaingia ndani ya ngoma ya Wafini kama ulikatwa kwa ajili yake. Wanawake wetu wa Unguja wakautambua. Mmoja akapiga kigelegele, wa pili akafunga kanga, mara safu nzima nyuma yangu, viuno na mabega, vumbi tu lilikosekana. Shamsa akacheka, akautia ndani mguu wa pili.

Bi Rayya akanivuta nguo, akaniuliza kwa Kiarabu: "Hawa kabila gani?"

"Watu wa Ufini, bibi. Kwao baridi, na jua lenyewe hawalioni majira mazima."

Akasikitika kweli kweli. "Masikini. Ndiyo maana wanapiga kelele, wanajipasha moto." Halafu akaiweka fimbo chini. "Nipe kijiko hicho, wewe hujui kupiga."

Zuwena hakutoka nje. Kigelegele chake ndicho kilichokuwa kirefu kuliko vyote, na leo anawaambia watu kwamba wazo lilikuwa lake.

Shamsa yuko Qurayyat sasa, na mimi kaniachia santuri na ile sahani. Kwanza nyumba ilikuwa kimya, nikaikumbuka Ng'ambo mpaka kifua kikaniuma. Wale wapiga tarumbeta wameshatangulia, na mama hayupo dirishani. Enzi zetu muziki ulikuja mtaani kukutoa ndani, utake usitake. Siku hizi mtu anaingia nao ndani, anajifungia.

Mimi sijifungii. Kila Ijumaa asubuhi nnafungua madirisha yote, nnawasha ubani, naiweka sahani kwa mkono wangu mwenyewe, na sauti naipandisha mpaka mwisho. Juzi jirani akaja mbio, kashika moyo. "Bi Thureya! Nani huyo ananguruma humo ndani?"

"Pepo wangu," nikamwambia. "Katoka Ufini."

"Auzubillahi! Anataka nini?"

Nikampa sinia. "Anataka uingie."