Kitufe cha Kitanda cha Baba Mkubwa

Jamani, hii naisimulia nikiwa nimeinamisha uso, na mkicheka chekeni tu, mimi bado sijaweza.

Baba mkubwa, aliyenilea tangu Uvira mpaka tukafika huku Sydney, alipasuliwa mshipa mkubwa wa damu kifuani. Daktari alitueleza kwamba hata baada ya upasuaji uti wa mgongo unaweza kukosa damu na miguu ikapooza, ndiyo maana wakamwekea mpira mwembamba mgongoni, wa kutoa maji ya uti wa mgongo kidogo kidogo ili damu ipate nafasi ya kupita, na presha haikutakiwa kushuka. Kila saa muuguzi alikuja kumwambia achezeshe vidole. Asiinuliwe bila yeye, alisema, maana kichwa kikipanda mpira ukiwa wazi maji hutoka kupita kiasi na presha hushuka.

Siku ya pili wakaja akina mama wa maombi, watano, na vitenge vyao vya sare. Kiongozi wao, Mama Neema, akaguna mlangoni.

"Sasa mzee wa kanisa tutamwombea amelala chali kama marehemu? We Riziki, si unafanya kazi na wazee? Mwinue basi!"

Nilipaswa kusema hapana. Lakini mimi (ninayetunza wazee kule Westmead na kuota kila siku kuwa muuguzi, ingawa shule niliishia njiani) nikaona aibu kuonekana sijui.

"Vitanda hivi navijua, mama," nikasema, nikabonyeza kitufe, kichwa kikapanda, baba mkubwa akatabasamu akawapa mkono, wakaanzisha wimbo, na mimi nikapiga makofi kuwashinda wote, mpaka nikaona jasho linamtoka na mashine inalia.

"Riziki," akaniita polepole, "miguu yangu umeiweka wapi?"

Muuguzi akaingia mbio, akaufunga ule mpira, akashusha kitanda. "Nani amemwinua?"

Wimbo ukakatika. Wote watano wakanitazama, Mama Neema wa kwanza.

Walimpandisha presha kwa dawa, na jioni mguu wa kulia ukarudi. Wa kushoto anauburuta mpaka leo. Daktari alisema huenda ingetokea hata bila mimi (hiyo "huenda" nimeshindwa kuimeza).

Sasa kitanda cha mgonjwa sikigusi bila kuuliza, hata askofu akisimama mlangoni. Na ndugu wakipiga simu kutoka Uvira kuulizia mguu, baba mkubwa huwajibu, "Kile kitanda kilikuwa kibovu," nami nipo hapo hapo sakafuni, namfunga kiatu cha kushoto.

Kitanda kilikuwa kizima.