Mstari Mweupe Kwenye Damu Yangu

Wenzangu waliniomba nisimame mbele ya watu nisimulie ugonjwa wangu. Nikasema nitaandika, maana haya zangu hazijaisha hata leo.

Nilitoka Unguja nikaja Birmingham mwishoni mwa miaka ya sitini, nikapata kazi maabara. Kazi yetu ilikuwa kutunza damu ya wagonjwa wa saratani ya ini. Tuliigandisha kwenye friza kubwa ili madaktari waichunguze hata baada ya miaka, na tuliipima. Ipo protini inayotengenezwa na ini la mtoto aliye tumboni. Akishakua huwa karibu hana tena, na ikimrudia ukubwani, huenda ini lina saratani. Tulimwaga juu ya kioo jeli ya mwani, ile ile tunayopikia faluda, tukatoboa vitundu, tukatia katikati dawa ya kuinasa protini hiyo, na damu pembeni. Kesho yake, penye ugonjwa huwa pameota mstari mweupe.

Kila kioo kilitaka pia damu ya mwenye afya, ya kulinganishia. Desturi yetu ilikuwa kutoana wenyewe kwa wenyewe, kwa zamu. Bi Margaret, mkuu wetu, alikuwa akinitania, "Damu yako safi kuliko maji ya bomba." Nami nilivimba kichwa.

Kisha likavimba tumbo, upande wa kulia chini ya mbavu, huku mashavu yakibonyea. Nikila wali kidogo tu natapika. Na mikono yangu ilinuka spiriti, kwa sababu ndiyo tuliyosafishia meza kutwa nzima. Kwenye hitima moja huko Stechford, rafiki yangu Hilali akanipapasa tumbo mbele ya watu. "Yakhe, tumbo hili la wali au la pub? Na hiyo harufu je?"

Watu wakacheka, nami nikacheka nao. Moyoni nilitamani ardhi inimeze. Tangu siku ile sikwenda tena hitimani, na nikawa navaa fulana mbili kuficha tumbo. Kwa daktari sikwenda pia. Ini la mtu likiwa bovu, nani ataamini hanywi? Na hayo nayasema mimi, niliyeshika kila siku damu za watu wasioonja pombe maishani mwao.

Ikafika zamu yangu ya kutoa damu. Kesho yake, kwenye kitundu cha mwenye afya, palikuwa na mstari mweupe.

"Umechanganya mirija," akasema Bi Margaret. Akanitoa damu mwenyewe, mkono wa pili. Mstari ukarudi, mnene zaidi. Akavua miwani yake. "Nenda kamwambie mkeo. Kisha nitakupeleka kwa daktari mimi mwenyewe."

Zuwena, mke wangu, alikuwa akipiga pasi nyumbani kwetu Acocks Green. Nilisema huku natazama zulia.

"Zuwena, ini langu linaumwa. Wallahi sijanywa."

"Kwani nani kakuuliza? Mashati yako nafua mie. Spiriti ya kazini naijua, na hizo fulana mbili nazijua, nilikuwa nangoja useme mwenyewe. Mficha maradhi, kifo humuumbua, mume wangu."

Nililia, kamasi zikanitoka.

Saratani ilikuwa imekaa upande mmoja wa ini. "Tunaweza kuukata," daktari alisema, "lakini siwezi kukuahidi kitu." Nilipasuliwa kutoka kifuani mpaka ubavuni. Baada ya hapo nilitapika nyongo, nikaogeshwa kama maiti. Muuguzi mmoja Mkenya alipaza sauti wodi nzima isikie, "Mzee, hewa imetoka? Usione haya, sisi wote tunaingoja hiyo hewa!" Ilipotoka, dalili kwamba matumbo yameanza kazi tena, Hilali alikuwa amekaa pembeni yangu. Hakucheka. Alinishika mkono akasema, "Nisamehe, yakhe."

Nilirudi kazini nimekonda. Damu yangu mpya ikapimwa: hakuna mstari. Alhamdulillahi. Ila Bi Margaret akaniambia kila kioo kinahitaji pia damu yenye ugonjwa, ya kulinganishia, na ile yangu ya zamani bado ipo kwenye friza. Je, naruhusu? Uso uliniwaka moto. Nikasema ndiyo.

Ndugu yangu, ukiona uvimbe, sema. Usingoje watu waamini kwanza. Mimi kila wiki nautia ugonjwa wangu kwenye kitundu kwa mkono wangu, na kesho yake mstari hutokea, mweupe vile vile, na anayeusoma ni mimi.