Kicheko cha Seth Tattersall

Shemeji yangu Seth, mume wa dada yangu Hetty, alikuwa mtu wa kuudhi, maana hakuna alichoshindwa. Aliimba, alipiga kinanda cha mkono, alicheza kwa viatu vya mbao mpaka jukwaa likalia, alijifanya bibi kizee, aliiga chiriku. Wanaosema mtaka yote hukosa yote hawakumwona Jumamosi pale ukumbini mjini kwetu Burnley, Uingereza, wafumaji wa pamba wakijishika mbavu. Kampuni ya santuri ya London ilimwita kila mara, naye akarekodi nyimbo za mapenzi, za kanisani, hata za walevi.

Mwaka 1926 dondakoo lilimchukua Cyril, mtoto wao wa pekee. Asubuhi baada ya mazishi nikamkuta Seth amevaa koti, anakwenda kupanda treni ya London. Siku ya kurekodi ilikuwa imepangwa zamani, na wapiga muziki walikuwa wanamngoja.

Hetty alisimama mlangoni. "Unakwenda kuimba?"

"Kazi ni kazi, mama."

"Hata chozi hukutoa, Seth! Jana watu wote wanalia, wewe unataniana na wachimba kaburi."

"Mimi ndivyo nilivyo."

"Haya, nenda kawachekeshe."

Akaenda. Santuri aliyorekodi siku ile ndiyo ya kicheko. Anaanza kuimba habari za mwokaji mikate aliyedondosha wigi kwenye unga, anashikwa na kicheko, wimbo unamshinda, anacheka mpaka mwisho. Ilinunuliwa kuliko zote. Ilipigwa kwenye baa na kwenye harusi, na watoto walimfuata barabarani, "Mzee Seth, cheka!" Akiwachekea, walilalamika kwamba siyo kama ya kwenye santuri.

Hetty hakukubali iingie nyumbani, na popote ilipowekwa alitoka mara moja. Alimpikia, alimfulia, lakini moyo aliufunga. Nilipomtetea shemeji, dada alinikata: "Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Yule alicheka, Edna. Kesho yake tu, alicheka."

Siku moja Seth aliileta, kaifunga kwa gazeti. "Isikilize mara moja tu, mama." Hetty akamrushia tambara la kuoshea vyombo. Seth alilivaa kichwani, akamtolea sauti ya bibi kizee, kisha akatoka na santuri yake. Hakuomba tena. Mjinga yule! Mtu wa maneno yote, lile moja akashindwa kulisema.

Alikufa majira ya baridi, mwaka 1957. Tulipotoka makaburini tuliingia baa, nyama ya nguruwe ikakatwa, chai ikamiminwa. Wenzake wa jukwaani, kwa nia njema kabisa, wakaiweka santuri ile. Nilikimbilia kuizima, nikachelewa. Kicheko kikajaa chumba kizima, na watu wakaanza kucheka, mimi pia.

"Nyamazeni," alisema Hetty.

"Acha tucheke, mama," alisema Wilf, mchekeshaji mwenzake. "Mwenyewe angependa."

"Nyamazeni, nimesema! Huyo hacheki."

Tukanyamaza. Ndipo nikasikia jinsi pumzi inavyomkatika, anavyojikaza arudie wimbo, na sauti inavyomvunjikia kooni. Nilikuwa nimeicheka miaka thelathini.

Hetty aliishika meza kwa mikono miwili. "Anamlilia Cyril," alisema. "Miaka yote nimelala kitanda kimoja na mtu anayemlilia mwanangu, na sikumgusa hata bega."