Kijiko Nisichokilamba

Ujauzito wangu wa pili ulinigharimu matobo mia mbili ishirini na nne ya vidole, manne kwa siku kwa wiki nane, nimehesabu mara mbili, pamoja na jina langu. Matobo yamepona. Jina bado nalidai.

Kliniki waliiona sukari mimba ikiwa ya miezi saba. Mimi na mume wangu tulikuwa tunaishi kwa mama mkwe, mtaa wa Nyanga. Alipopata habari alilichukua kopo la sukari akalifungia kwenye sanduku la vitenge vyake, ufunguo akaufunga kwenye pindo la kanga. Nikanywa chai chungu, sikulalamika. Ila sahani yangu ya ndizi ikageuka kilima.

"Mama, hizi ni nyingi."

"Ndizi ni chakula, mkamwana. Nimekunyima sukari, nikunyime na chakula? Watu wa Muleba watasema nini?"

Muleba ndiko kwetu. Nami, mtu ninayebishania bei mpaka mwenye duka anatafuta kiti, nikala.

Vipimo vya damu ya vidoleni vikapanda. Kwa mama mkwe hesabu ilikuwa moja: sukari imefungiwa, sukari inapanda, basi kuna mwizi. Jumamosi jumuiya yetu ya kanisa iliposali sebuleni kwetu, zamu yake ya maombi ikafika.

"Tumwombee mkamwana wangu, Bwana amwondolee tamaa. Analamba sukari kwa siri, na mtoto yumo tumboni."

Watu kumi na tisa wakaitikia kwa sauti moja. Niliwahesabu wakiitikia, nikawarudia wakinywa chai. Yenye sukari.

Jumatatu nilikwenda naye kliniki, tukakaa mbele ya mkunga. Mkunga akamweleza yeye, si mimi.

"Mama, jambo hili linaanzia kwenye kondo la nyuma. Linatoa homoni za kumtunza mtoto, na homoni hizohizo zinaufanya mwili usiitii insulini. Insulini inabisha hodi ili sukari iingie kwenye misuli, haifunguliwi, sukari inabaki kwenye damu. Wajawazito wote huwa hivyo kwa kiasi, ila kongosho la wengi huongeza insulini likamudu. La huyu limezidiwa."

Kisha akanifunua mdomo. Fizi zangu zilikuwa zimevimba tangu mimba ikiwa ya miezi mitano, nikazipuuza.

"Na hizi huenda zimechangia, pamoja na mafuta ya mwili. Mwili wenye uvimbe wa ndani kwa ndani unazidi kuikataa insulini."

"Na kulamba je?" mama mkwe akauliza.

"Hata asiyelamba anapata. Ila ndizi unazompakulia zinageuka sukari zikifika tumboni. Mpe mbili, mboga na maharage zijae."

Maneno yale ya mkunga niliyatafuna njia nzima kama karanga. Kuanzia siku hiyo nilipakua mwenyewe, nikatibiwa fizi, nikameza vidonge, vipimo vikashuka. Nikajifungua salama, kutoka hospitali nikapitiliza moja kwa moja hadi kwetu Muleba.

Wiki ya sita mama mkwe akaja, na shuka jipya la mtoto.

"Nimekuja kuwachukua."

"Karibu, mama. Yale maneno umeshayafuta?"

"Nilimwambia mwenyekiti wa jumuiya kwamba zilikuwa homoni."

"Huyo ni mmoja. Bado kumi na wanane."

"Basi nitawapitia nyumbani, mmojammoja."

"Ulipowaambia hukuwapitia."

"Mkamwana, mimi mtu mzima. Unataka nikupigie magoti?"

"Magoti yako nitayapeleka wapi, mama?"

Akanyoosha mikono ampokee mjukuu. Nikamhamishia mtoto bega la pili, kwa raha zangu.

"Mwenyekiti na mumeo watatosha," akapandisha dau.

"Wawili. Hujafika hata robo."

Akashusha pumzi. "Sema unachotaka."

"Jumamosi waite walewale, palepale sebuleni. Ikifika zamu yako, useme kwa sauti ileile kwamba sikulamba, ulinisingizia. Nirudishie jina langu, mama. Jumapili nitapanda gari."