Nailoni ya Bati Jipya

Kwa miaka miwili ya kwanza nilifanya kazi zaidi chini ya magari kuliko mahali pengine popote. Gereji yetu iko Nyakato, nyuma ya viwanda, uwanja wa changarawe wenye paa la mabati upande mmoja na jua tupu upande wa pili. Fundi mkuu alinipokea nilipotoka Kisesa na cheti changu cha darasa la saba, akanifundisha kila kitu isipokuwa kuongea na wateja. Hilo lilimshinda. Mteja akiingia getini, mimi nilikuwa tayari nimeshaingia uvunguni, hata kama gari lilikuja kubadilishwa taa tu. Nadhani wateja waliamini gereji ile ina fundi mmoja na jozi moja ya miguu.

Ijumaa moja, nikiwa na miaka ishirini na mmoja, fundi akaniita akasema kesho kuna kazi ambayo ni yangu mwanzo hadi mwisho. Nimpokee mwenye gari, nimweleze, nifunge, nijaribu gari naye, nimkabidhi. Akiondoka ameridhika, kuanzia Jumatatu nitakuwa na wateja wangu mwenyewe. Asiporidhika, nitabaki chini. Aliposema chini alionyesha kwa kidevu ile sehemu ya sakafu ya saruji chini ya paa ambayo mgongo wangu ulikuwa umeing'arisha.

"Na kuongea ni wewe," akasema. "Mimi kesho ni bubu."

Mwenye gari nilimjua, kama Mwanza nzima ilivyomjua. Alikuwa mwalimu wa udereva, mama wa umri wa mama yangu, mwenye ushungi uliobanwa vizuri na sauti ndogo ambayo wanafunzi wake waliiogopa kuliko kelele. Jumatatu hadi Ijumaa alikaa pembeni ya watu wanaozimisha gari mlimani. Jumamosi alijitibu. Alikuwa na gari la Kijapani la bluu, dogo, lenye turbo ya kuisukumia injini hewa na tundu kwenye boneti, na barabara ya Usagara ndiyo ilikuwa hospitali yake.

Gari hilo alikuwa ameshalibadilisha kidogo. Alitoa lile boksi la plastiki linalofunika kichujio cha hewa, akaweka kichujio kikubwa chenye umbo la pia, kilichokaa wazi ndani ya boneti. Ukikanyaga mafuta kilinguruma vizuri sana. Tatizo lake ni kwamba kilikaa jirani na injini, kikavuta hewa ya moto kutoka hapo hapo. Injini hutaka hewa ya baridi. Ikivuta ya moto inalegea, kama mtu anayekimbia huku ameinamia jiko. Dawa yake ni bati la kukinga joto: kipande cha chuma chepesi kilichokunjwa, kinachosimama kama ukuta kati ya kichujio na injini, na juu yake mpira unaogusa boneti ili joto lisipite. Mwalimu aliagiza la kwake kwa simu, likaja na basi kutoka Dar kwenye boksi lililobandikwa gundi kila kona.

Jumamosi asubuhi nilikuwa nimefanya mazoezi ya sentensi tatu. Ya kwanza ilikuwa shikamoo mwalimu, na ilitoka. Akaitikia marahaba, akasubiri. Sentensi ya pili ilikuwa imepotea. Nikasimama na spana yangu namba kumi. Akasubiri tena, kisha akasema, "Haya, na gari nalo halijambo." Fundi, kule kivulini, akajifanya kukohoa.

Tukafungua boksi. Ndani mlikuwa na bati, mpira uliozungushwa, pakiti ya boliti na karatasi ya Kiingereza yenye picha sita. Kusoma kwangu ni kwa polepole hata Kiswahili, kwa hiyo nilikaa na zile picha. Picha hazimharakishi mtu. Picha ya kwanza kabisa ilionyesha mkono umeshika kona ya bati na kubandua kitu chembamba, kama mtu anayemenya kiazi cha kuchemsha. Nikaligeuza bati. Kweli, pande zote mbili lilifunikwa na nailoni nyepesi ya rangi ya bluu. Nikaingiza ukucha kwenye kona.

"Hiyo acha," mwalimu akasema, akalishika bati lake. "Ndiyo upya wenyewe."

Nilimwelewa mara moja. Kwetu kutoa nailoni ni kama kuwa na haraka ya kuzeesha kitu. Nyumbani tulikaa kwenye makochi yenye nailoni mpaka mgeni akisimama ilisikika sauti ya kubanduka. Shangazi yangu ana friji ya mwaka wa tano ambayo mlango wake bado una nailoni, na akiufuta, huifuta nailoni. Rimoti ya fundi mkuu ilikuwa ndani ya mfuko, na mfuko huo ndani ya mfuko mwingine. Nikamtazama fundi. Bubu akatikisa kichwa kukubali.

Nikaitazama picha tena. Nikamtazama mwalimu, alivyolipakata lile bati kama mzazi aliyetoka kliniki. Basi nikaikunja karatasi, nikairudisha kwenye boksi.

"Sawa, mwalimu," nikasema.

Ndiyo ikawa sentensi yangu ya pili siku hiyo, na haikuwa kwenye mazoezi.

Kazi yenyewe ilikuwa tamu. Niliacha injini ipoe, nikatoa waya wa betri, nikalegeza mkanda wa chuma unaobana bomba la hewa, nikakichomoa kichujio na kukifunika kwa kitambaa safi. Nikalishusha bati mahali pake. Matundu mawili yalikaa sawa bila matata. La tatu lilikataa, likabaki nusu kidole pembeni. Nililegeza yale mawili, nikalisukuma bati kwa kiganja, nikasikilizia. Likateleza likakaa. Nikavuta mpira ukingoni kidogo kidogo, kama kupinda upindo wa sketi. Mwalimu alikuwa akiuliza maswali na mimi nikijibu kwa kichwa, na nyuma yake fundi alikuwa akinifanyia ishara kwa vidole kwamba mdomo hufunguka hivi na hivi. Nilipofunga boneti ilitoa mlio mnene, wa kushiba. Mwalimu akaifungua akaifunga tena ili ausikie mlio ule mwenyewe.

Tukatoka kujaribu. Simu yake ilikuwa imesimamishwa mbele yetu, ikionyesha joto la hewa inayoingia kwenye injini. Kabla ya bati, alisema, kwenye foleni ilikuwa inapanda mpaka sitini na kitu. Sasa tulikuwa na arobaini na tano. Mpaka Buhongwa aliendesha kama anavyofundisha: indiketa kwa kila kona, vivuko vyote akisimama, hamsini kamili, si hamsini na moja. Nyuma yetu watu walipiga honi, naye akawaangalia kwenye kioo kwa huruma.

Nyumba zilipopungua akanyoosha mgongo, akakanyaga.

Sijui niandikeje. Kiti kilinisukuma, turbo ikapiga mluzi, kile kichujio kikanguruma ndani ya ukuta wake mpya, na majabali ya pembeni yakaanza kurudi nyuma kama yamesahau kitu mjini. Namba ikashuka. Arobaini na moja. Arobaini. Mwalimu akaanza kuiimbia, "Shuka, mama, shuka." Nikasikia mtu anacheka kwa sauti, na ndani ya gari tulikuwa wawili tu, na yeye alikuwa anaimba.

Halafu ikaja harufu.

Niliitambua kwenye pumzi ya kwanza. Ni ile ya mfuko ulioangukia kwenye mkaa. Mwalimu akanusa, akasema lile lori la mbele linachoma nini. Akalipita lori. Harufu ikaja nasi. Akasema basi ni kijiji hiki, watakuwa wanachoma takataka. Kijiji kikabaki nyuma na harufu haikubaki nacho. Akasema vijiji vyote leo vimeamua kufanya usafi. Mimi nilikuwa nimekaa na jibu mdomoni, nimelibana kwa meno, na nilifikiri juu ya Jumatatu. Tulipofika njia panda ya Usagara, moshi mweupe mwembamba ukachomoza kwenye tundu la boneti.

Akaweka indiketa. Hata hapo aliweka indiketa. Akaegesha, akavuta breki ya mkono, akawasha taa za hatari, akazima injini, akashuka.

Watu wa Usagara hawahitaji kuitwa. Waendesha bodaboda wanne walikuwa wamefika kabla boneti haijafunguka, na mama mchoma mahindi akaja na kipepeo chake cha kupepea mkaa mkononi.

"Mwalimu, hiki kipengele hukutufundisha," mmoja wa bodaboda akasema. Alikuwa amewahi kuwa mwanafunzi wake.

Mwalimu alikuwa anatazama moshi, na uso wake uliokuwa unaimba dakika moja iliyopita ulikuwa umekauka. Akanigeukia, akaniuliza kwa sauti ya chini kuliko ile yake ya kawaida, "Injini imekufa?"

Ningeweza kusema sijui. Ningeweza kulala changarawe pale pale na kuingia uvunguni, nililifikiria kweli. Lakini alikuwa anaogopa, na mimi peke yangu nilijua kwamba hakuna cha kuogopa.

"Injini haina shida, mwalimu. Ni ile nailoni inayeyuka. Kwenye karatasi kulikuwa na picha ya kuitoa. Niliiona asubuhi, nikanyamaza."

"Uliiona?"

"Niliiona."

"Ukanyamaza kwa nini?"

"Ulisema tuiache."

Akanisogelea.

"Mwanafunzi wangu akiona ng'ombe barabarani," akasema, "anasubiri mimi nimwone kwanza kwa kuwa ni mwalimu?"

Yule bodaboda akajibu badala yangu, taratibu, "Wengine tulisubiri."

"Wewe hasa," mwalimu akamwambia. "Na ng'ombe mwenyewe alikuwa mweupe, mchana."

Wakaangua kicheko, na mama wa mahindi akampiga yule kijana kwa kipepeo, na mwalimu naye akaanza kutikisika mabega, akashindwa kujizuia, akaliegemea gari lake na kucheka mpaka ushungi ukasogea.

Kwanza nilikitoa kichujio nikakikagua kila mkunjo. Kilikuwa safi, hakuna kilichovutwa ndani. Halafu tukaingia kwenye nailoni. Sehemu zilizo mbali na injini zilibanduka zenyewe, ndefu, zikilia. Zilizo karibu na turbo zilikuwa zimeganda. Bodaboda mmoja akatoa kisu, nikamwambia hapana, kisu kitalichuna bati. Mwingine akataka kumwaga maji, nikamzuia mkono. Nikamwomba mama wa mahindi magunzi, akatoa rundo, nikawagawia. Nikawaonyesha pa kusugua na pasipofaa kuguswa, nikamwambia huyu asiegemee bomba, na yule asogeze kichwa nione. Tulikuwa watu saba chini ya boneti moja. Ni baada ya kufunga boliti ya mwisho ndipo nilipogundua kwamba koo langu linaniuma, na kwamba ni kwa sababu ya kuongea.

Bati lilikuwa linang'aa kama sufuria ya harusi, isipokuwa alama nyeusi ya ukubwa wa kiganja pembeni, ambayo magunzi yalishindwa.

Mwalimu akasema bado hatujajaribu gari, kilichojaribiwa ni nailoni. Tukaenda mbele, njia ya Kigongo, na akanipa sharti: kila ninachokiona, nikitaje, kwa sauti, bila kuuliza kama na yeye amekiona. Nikaanza kwa aibu. Bajaji. Mbuzi. Mbuzi mwingine. Shimo. Mtoto ana tairi. Askari. Akapunguza mwendo, akamsalimia askari kwa heshima zote, tukapita. Nikazidi kupata nguvu. Baiskeli, magunia matatu. Kanisa. Kuku, kuku ameghairi. Mwalimu alikuwa akiitikia "ndiyo" kwa kila kimoja kama anatia alama kwenye mtihani.

Kisha tukapanda daraja jipya na sikuwa tayari. Maji yalifunguka kulia na kushoto, mpaka mahali ambapo huoni tena kama ni maji au ni anga.

"Ziwa," nikasema.

"Ndiyo."

"Ziwa. Bado ziwa. Mtumbwi. Ziwa."

Alicheka mpaka akaniomba nipumzike, asije akashindwa usukani. Namba ilikuwa thelathini na saba.

Tuliporudi gereji fundi mkuu alikuwa amekaa kwenye kreti yake, bado bubu. Akaniuliza kwa nyusi. Nikamtazama mwalimu, naye akakunja mikono na kunitazama mimi. Basi nikasimulia mwenyewe: harufu, lori, vijiji viwili, moshi, magunzi, alama nyeusi, na kwamba kosa ni langu.

Fundi akasahau ububu. "Yaani uliiona picha?"

"Niliiona. Na wewe ulitikisa kichwa, fundi."

Fundi akajikuna shingo, akamgeukia mwalimu, akamwuliza rasmi kama mahakamani, ameridhika au hakuridhika.

Mwalimu hakuwa na haraka. Akafungua boneti, akaitazama ile alama, akaipitishia kidole.

"Hii ni yetu watatu," akasema. "Jumamosi ijayo naleta breki mpya za kufungwa. Nataka huyu, lakini nataka aniambie na nisichopenda."

Fundi akanitazama. "Jumatatu," akasema, akarudi kwenye kreti yake.

Jumatatu nilifika kabla ya saa kumi na mbili. Geti lilikuwa limefungwa na mwenye ufunguo yuko kwake amelala. Nikasimama nje, ovaroli safi, spana mfukoni, nikamsalimia kila aliyepita kwenda kiwandani, wenye gari na wasio nalo, na wengine niliwauliza gari halijambo, nao walikuwa wanatembea kwa miguu.