Bi Nukta anyang'anywa saa ya kubishana

Saa tatu asubuhi, chumba cha mwisho ghorofa ya tatu. Wanafunzi wa elimu ya nyota wamekunja nakala zao za makala ya kisayansi ili kuficha hitimisho. Hakuna ruhusa ya kusoma waandishi wamesema nini mpaka kila mmoja aseme mchoro unamwonyesha nini.

Mchoro wa leo ni wa mwanga wa nyota moja. Kijana mrefu aliyekaa dirishani anasimama. "Nyota inazidi kung'aa. Namba imetoka kumi na mbili, imefika kumi na nne."

Mkufunzi msaidizi, anayeitwa Bi Nukta kwa jinsi anavyodai maelezo ya kila nukta, hamwambii kwamba amekosea. "Haya, wenzake mnasemaje?"

"Ndugu yangu, umeisoma kichwa chini miguu juu," anajibu binti wa nyuma. "Kwenye kipimo hiki namba ikikua, nyota inafifia."

Darasa linacheka, kijana naye anacheka. Kosa hilo hatalirudia.

Hii ndiyo kazi inayofutwa muhula ujao, na sababu yake inakera hata kuisikia. Mkuu wa idara anasema kipindi hiki hakina mtihani, kwa hiyo ni kupoteza muda. "Tutawagawia muhtasari wa kila makala. Ufaulu unapanda kila mwaka, tatizo liko wapi?" aliuliza, macho yakiwa kwenye simu yake. Chumba kitageuzwa sebule ya wageni.

Tatizo Bi Nukta analijua, maana yeye mwenyewe alilelewa kwa muhtasari. Kwenye mkutano wake wa kwanza wa wanasayansi aliulizwa swali kuhusu makala aliyoikariri yote, akaishia kukariri muhtasari ule ule.

"Nililia chooni," anasema. "Sikuwa mjinga. Hakuna aliyewahi kuniuliza mimi naona nini. Sasa wanataka kuwafanyia na hawa hivyo hivyo, halafu wanajisifu."

Amelalamika mpaka amechoka; kila akienda anaambiwa asubiri. Ubaoni mwanafunzi mmoja ameandika kwa chaki, na hakuna aliyefuta: *Ufaulu unapanda, nyota inafifia.*

Je, ataacha?

"Niache? Mume wangu ni seremala. Aliposikia akasema, 'Mke wangu, nakujua, utawahamishia jikoni kwangu.' Jikoni hapatoshi. Kwa hiyo anatengeneza benchi refu. Tutaliweka chini ya ngazi, pale pale mkuu anapopita kwenda ofisini, saa ile ile. Asipotaka kutusikiliza, atatusikia."